Andika Bei Hapo Hapo

Fungua Instagram jioni ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mishahara ikiwa imeingia, upite kwenye kurasa za wafanyabiashara wadogo wa Dar es Salaam. Utaona magauni yaliyoshonwa Sinza, sufuria za Kariakoo, viatu vya mtumba vilivyosafishwa hadi vinang'aa, keki za kipaimara, mafuta ya nazi yaliyokamuliwa nyumbani. Picha zimepigwa vizuri na muziki umechaguliwa. Kisha chini kabisa, mahali ambapo mnunuzi anatafuta tarakimu chache tu, anakuta maneno haya: "Bei njoo DM."

Naamini kwa dhati kwamba maneno hayo matatu yanawapotezea wafanyabiashara wetu wadogo wateja wengi kuliko ukosefu wa fedha za matangazo. Mafunzo mengi ya kuuza mtandaoni yanamfundisha mama mwenye cherehani moja namna ya kupata wafuasi, saa nzuri ya kuposti na wimbo upi unavuma. Suala la bei yanalipita juu juu. Mteja, kwa upande wake, analiuliza kabla ya lingine lolote.

Sababu za kuficha bei zipo, na haifai kuzibeza. Kubwa kuliko zote inatoka Kariakoo, kwa mawinga. Winga hana duka wala stoo. Anapita kwenye maduka ya watu, anapiga picha mali yao, anaiweka kwenye ukurasa wake, na mteja akipatikana ndipo anakwenda kuchukua mzigo kwa mwenye duka na kuongeza chake juu. Ni kazi, na imewapa riziki vijana wengi ambao hawakuwa na mtaji wa kufungua hata meza. Ila bei ya winga haiandikiki kwa kuwa bado haijazaliwa: inategemea mwenye duka anasemaje leo, na inategemea mteja anaonekana ana uwezo gani. Sasa yule aliyeshona mwenyewe, aliyepika mwenyewe, au aliyefungua robota lake mwenyewe pale Karume, anapoiga lugha ya winga, anajitwisha shaka isiyomhusu. Mteja anadhani na yeye atapangiwa bei kwa kuangaliwa picha yake ya wasifu.

Wengine wanawaogopa washindani. Lakini mshindani naye ana simu, na hakuna kinachomzuia kuja inboksi kwa jina lingine kuuliza bei kama mteja. Wengine wanasema Mswahili hanunui bila kupatana. Ni kweli tunapenda kupatana, na kupatana kuna raha yake, ila sokoni tunaanza na bei iliyotajwa. Muuza mchicha wa Buguruni hakwambii umfuate pembeni akunong'oneze. Andika elfu 35, na ukipenda ongeza kwamba anayechukua mbili atalipa elfu 60. Nafasi ya mazungumzo ipo bado, na mteja amejua anasimama wapi. Wapo pia wanaoamini kwamba maswali mengi ya "bei?" chini ya picha yanaipaisha. Huenda yakaisogeza mbele ya macho ya watu wengi zaidi, ila macho hayo nayo yatakuta swali lile lile halijajibiwa.

Tumtazame mnunuzi. Huyu ni Mtanzania aliyekwishapokea ule ujumbe maarufu unaosema "ile hela tuma kwenye namba hii", akacheka au, kwa bahati mbaya, akatuma. Huduma ya M-Pesa ilifika Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, na imeturahisishia biashara kwa namna ambayo wazazi wetu wasingeiwazia. Matapeli nao wakaipenda. Kwa hiyo mtu anapoona gauni zuri kwenye kioo cha simu, mapenzi na hofu vinamwingia kwa pamoja. Anaogopa kuulizia kisha ashindwe bei na kuonekana hana hela. Anaogopa kusumbuliwa wiki nzima na "dada vipi, tukuwekee?" Anaogopa kulipa na kuzuiwa. Muuzaji aliyeandika bei, mahali anapopatikana na namna ya kulipa amemwondolea hofu mbili kati ya hizo tatu kabla hajasalimiwa.

Wazee walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Usemi huo ulizaliwa kwenye soko ambalo mnunuzi anaweza kubonyeza embe, kuvuta kitambaa, kunusa dagaa. Kwenye simu hawezi kufanya lolote kati ya hayo. Chema kikinyamaza, hakina cha kukitofautisha na kibaya. Ndiyo maana kila taarifa ya kweli unayoiandika inafanya kazi ya vidole na pua ya mteja. Kitenge ni yadi ngapi? Khanga inauzwa kwa doti au kipande? Gauni lina urefu gani kutoka begani? Kiatu namba 38 ni cha kawaida au kinabana? Mtumba una doa? Lipige picha karibu, uliseme. Nimewahi kununua shati kwa sababu tu muuzaji alionyesha kifungo kilichokosekana, nikajua mtu huyu hatanificha lingine.

Picha yenyewe haihitaji kamera ya gharama. Mwanga wa asubuhi mlangoni, ukuta msafi nyuma, mtu halisi amevaa. Acha picha za kuokota mtandaoni. Mteja aliyeonyeshwa gauni la mwanamitindo wa ng'ambo akaletewa lingine, hata kama limeshonwa vizuri, anajiona ametapeliwa, na atawaambia wenzake kwenye kikundi cha vikoba.

Mahali ambapo biashara ndogo nyingi zinauza kwa kweli, hasa za mitaani kwetu, ni WhatsApp, na hapa wengi hawajui mashine inavyofanya kazi. Stetasi, ile picha inayokaa saa 24 na kutoweka, ilianza mwaka 2017. Kwa kawaida wanaoiona ni watu uliohifadhi namba zao ambao nao wamehifadhi yako. Orodha ya kutuma ujumbe mmoja kwa watu wengi inachukua namba 256, na hata hapo ujumbe unamfikia yule tu aliyekuhifadhi kwenye simu yake. Maana yake ni kwamba mteja aliyenunua kwako mara moja bila kukusevu amepotea. Anaweza kuwa alipenda chapati zako kuliko za mtu mwingine yeyote, ila Jumamosi ijayo hatakuona.

Kwa hiyo dakika ya thamani kubwa katika biashara nzima ni ile baada ya malipo kuingia. "Asante sana dada, naomba unisevu kwa jina la Mama Chapati Tabata, kila Jumamosi naweka oda stetasi." Basi. Jina liwe la kazi, la kutafutika, lenye mtaa ndani yake. Mtu hakumbuki jina lako la kuzaliwa saa mbili usiku wageni wamefika, anaandika "chapati" kwenye simu aone nani anatokea.

Programu ya WhatsApp Business, iliyotolewa Januari 2018 na isiyo na malipo kwa mfanyabiashara mdogo, ina mambo kadhaa ambayo watu huyaacha bila kuyagusa: orodha ya bidhaa zenye picha na bei, saa za kazi, anwani, majibu yaliyokwisha kuandikwa kwa maswali yanayojirudia, na alama za rangi za kutenganisha aliyelipa na anayesubiri mzigo. Mama anayepika peke yake, mikono imejaa unga, anaokolewa sana na lile jibu la tayari. Siyo lazima ajibu ndani ya sekunde. Ila mteja aliyeambiwa "niko jikoni, nitakujibu saa sita" hukaa, na aliyeachiwa tiki mbili za buluu bila neno huenda kwa mwingine.

Matangazo ya kulipia, yale ya kuboosti, nitayapita haraka. Yanafaa ukiwa na kitu kinachouzika tayari. Kabla hujalipa, chagua eneo. Mpishi wa Temeke anayeacha tangazo lake lizurure nchi nzima anaweza kulipia macho ya watu wa Mwanza ambao hawatakula wali wake kamwe, wakati mfumo unamruhusu kuweka duara la kilomita chache kuzunguka jiko lake. Na kumlipa mtu maarufu akuposti, kwa mtaji wa laki mbili, sikushauri. Umati utakuja siku mbili, utaangalia, utaondoka, na wewe hutakuwa na mzigo wa kuwatosha wala namba zao.

Mzigo wenyewe kufika ndiko jina linakojengwa au kuvunjika. Kwa mjini ni bodaboda, na gharama yake iandikwe mapema kama bei ilivyoandikwa. Hakuna kinachoudhi kama kukubaliana elfu 20 kisha kuambiwa kuna elfu 7 ya boda na "tuma na ya kutolea". Lipa namba imepunguza adha hiyo ya hela ya kutolea, na kwa mnunuzi ina faida nyingine: jina la biashara linalotokea kabla ya kuthibitisha likilingana na jina la ukurasa, moyo unatulia.

Kwa mikoani ni basi. Kuanzia mwaka 2021 mabasi mengi ya kwenda bara yanaondokea Kituo cha Magufuli, Mbezi, na vifurushi vya biashara ndogo vinasafiri humo kila siku kwenda Iringa, Singida, Kahama. Muuzaji anayejua kazi yake anaandika jina na namba ya mpokeaji kwa kalamu isiyofutika pande mbili, anapiga picha mzigo ukiwa umefungwa, anapiga picha risiti ya basi, anatuma zote mbili pamoja na namba ya ofisi ya kampuni mjini kwa mpokeaji. Dakika tano hizo zinamfanya mwalimu wa Kahama aagize tena bila kuogopa. Atawaambia na walimu wenzake, na hao hawakuhitaji tangazo.

Kuna tabia moja inayonisikitisha. Ili kuthibitisha uaminifu, wauzaji wanaweka hadharani mazungumzo ya inboksi ya wateja, majina na namba zikionekana, wakati mwingine na picha ya mteja akijaribu nguo chumbani kwake. Mbaya zaidi, wapo wanaomwanika mteja aliyechelewa kulipa deni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na namba ya simu ya mtu ni taarifa yake. Omba ruhusa, funika jina, funika namba. Mteja anayeona siri za wenzake ukutani kwako anajua zake zitafuata.

Halafu kuna jambo ambalo mfanyabiashara mdogo hana mamlaka nalo hata chembe. Oktoba 4, 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp, zote mali ya kampuni moja, zilizimika dunia nzima kwa karibu saa sita. Uganda iliifunga Facebook Januari 2021 kuelekea uchaguzi, na miaka ikapita bado imefungwa. Hapa kwetu, kuanzia siku ya Uchaguzi Mkuu, Oktoba 29, 2025, intaneti ilikatwa kwa siku kadhaa. Anayeuza mtandaoni peke yake, siku kama hizo duka lake halionekani kabisa, na mkate aliokwisha kuoka hausubiri mtandao urudi. Ongeza akaunti zinazoibwa kila siku na wahalifu wanaowarubuni watu kutaja zile tarakimu za uthibitisho zinazokuja kwa ujumbe. Uthibitisho wa hatua mbili unawekwa kwa dakika chache kwenye mipangilio, na kila anayeishi kwa ukurasa wake anapaswa kuuweka leo.

Ila hata ukiulinda, nunua daftari. Naongea kuhusu daftari la karatasi, la kaunta, linalouzwa kila duka la vitabu. Kila mteja na mstari wake: jina, namba, mtaa, saizi, alichonunua, alicholalamikia, sikukuu anayoagiza. Ukurasa wenye wafuasi elfu 10 ukifungwa au ukiibwa, mwenye daftari la wateja 150 ana mahali pa kuanzia kesho asubuhi kwa simu ya kawaida au ujumbe mfupi. Na siku ambazo mtandao ni mzima, daftari hilo hilo linamwambia nani hajaagiza tangu Idi, nani huvaa namba 38, nani aliomba gauni lisilo na zipu mgongoni. Mzigo mpya ukiingia, huyo wa namba 38 atumiwe picha peke yake, bei ikiwa imeandikwa.