Sura ukutani: faida ya picha Turkana inakwenda wapi?

Katika sebule nyingi za Wakatoliki wa Lodwar, Turkana, picha ya kwanza kuonekana ni ya Moyo Mtakatifu wa Yesu. Asili ya sura hiyo ni mchoro wa 1767 wa Pompeo Batoni, uliotiwa rangi ya mafuta juu ya bati la shaba kwa ajili ya kanisa la Gesù jijini Roma. Batoni alipata riziki kwa kuchora sura za matajiri wa Uingereza waliozuru Italia. Nakala za kazi yake zimeenea dunia nzima, na Lodwar, makao ya dayosisi tangu 1978, haikosi wanunuzi.

Swali la biashara ni nani anabaki na faida. Kama bidhaa nyingine za dukani, picha iliyochapwa mbali husafiri takriban kilomita 300 kutoka Kitale hadi Lodwar, kisha 120 zaidi hadi Kakuma. Karatasi haina uzito. Kinachomtia mfanyabiashara hasara ni kioo, kwa maana kipande kimoja kikipasuka njiani, faida ya picha kadhaa imekwenda. Fundi mzoefu huleta picha zikiwa zimeviringishwa, fremu akaitengenezea mjini. Hukata ncha za mbao kwa pembe ya digrii 45, hupitisha kalamu ya kukatia kioo mara moja bila kurudia, kisha huziba mgongo wote kwa karatasi ya gundi ili vumbi lisipenye. Thamani inayobaki Turkana imo katika kazi hiyo ya mikono.

Adui mwingine ni jua. Wino wa bei ya chini hupoteza wekundu na manjano kwanza, na baada ya muda joho la Yesu linabaki la samawati. Anayeuza picha za wino unaodumu akamweleza mteja tofauti yake anajenga jina.

Kakuma ina soko lake. Kambi ya wakimbizi ilianza 1992, na utafiti wa Shirika la Kimataifa la Fedha (IFC) wa 2018 ulikadiria uchumi wa kambi na mji kuwa shilingi bilioni 6 hivi, ukiwa na maduka zaidi ya 2,000. Mgao wa chakula ulipopunguzwa 2025, mzunguko wa fedha ulibana, na picha ya ukutani si unga. Hata hivyo, aliyekimbia vita mara nyingi hakubeba albamu. Kwake, sura ya mzazi iliyokuzwa kutoka picha hafifu ya simu ni mali ya ukoo. Wakongomani wanaijua biashara hii: huko Lubumbashi, miaka ya 1970, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu aliuza michoro yake kwa watu wa kawaida, nao wakaitundika sebuleni.

Malighafi ya bure ipo. Sheria ya Kenya hulinda mchoro kwa miaka 50 baada ya kifo cha mchoraji, na Batoni alifariki 1787. Jumba la makumbusho la Rijksmuseum la Amsterdam limeweka kazi za Rembrandt mtandaoni kwa yeyote kuzipakua na kuzichapa. Lakini kilicho bure kwako ni bure kwa mshindani wako pia. Mchoraji Rubens alilielewa hilo mapema: kuanzia 1619 alijipatia vibali vya kuzuia wengine wasinakili chapa za michoro yake.

Kisichoweza kunakiliwa Nairobi wala ng'ambo ni sura za hapa. Mketishe bibi wa Kiturkana, shanga zake shingoni, ndani ya nyumba ya mabati yenye mlango mmoja uliofunguliwa asubuhi. Nuru itamwangukia upande mmoja wa uso, upande wa pili uzame gizani. Nuru ya namna hiyo ndiyo aliyoitafuta Rembrandt maisha yake yote, nayo huku Turkana huingia mlangoni kila siku bila malipo.

Kwa miaka mingi sura za Waturkana zimeuzwa kwa watalii kwenye kadi za posta zisizo na jina la mtu. Studio za Lodwar na Kakuma zinaweza kugeuza desturi hiyo: mwenye sura aombwe ridhaa, apewe nakala yake ya kwanza, alipwe kwa kila inayouzwa, na jina lake liandikwe chini ya fremu.