Stempu, Mhuri na Alama: Funzo Moja la Tafsiri kutoka Kislovakia

Wanafunzi wa tafsiri huuliza mara kwa mara: "Mwalimu, neno hili kwa Kiswahili ni lipi?" Swali hilo huchukulia kwamba kila neno la Kiingereza lina mwenzake mmoja katika lugha nyingine. Safari hii tumechagua mfano kutoka Kislovakia, lugha ya Kislavoni inayozungumzwa nchini Slovakia, ili kuonyesha kwamba sivyo.

Tuanze na neno la Kiingereza "stamp". Kislovakia, kama Kiswahili, hakina neno moja la kulitosheleza. Stempu ya barua ni známka. Mhuri wa mpira unaogongwa kwa wino ni pečiatka. Mhuri wa lakiri ni pečať, na kwa asili pečiatka ni umbo la udogo la neno hilo. Stempu ya kulipia ada za serikali iliitwa kolok. Stempu hizo za karatasi zimeachwa, ila neno limebaki katika jina la mfumo wa malipo ya kielektroniki, eKolok. Kwa hiyo, tukiambiwa kwa Kiingereza kwamba barua haina "stamp", hatuwezi kutafsiri kabla ya kujua ni nani aliyeikataa: karani wa posta au afisa wa wizara.

Neno "mark" ni gumu zaidi. Alama ya barabarani ni dopravná značka, lakini alama ya biashara ni ochranná známka. Alama inayogongwa kwenye dhahabu ni puncová značka. Alama ya kidole ni odtlačok. Alama ya kuuliza ni otáznik, neno moja tu.

Na alama ya mtihani? Hiyo ni známka, neno lile lile la stempu ya barua. Hapa pana mtego mwingine. Katika shule za msingi na sekondari za Slovakia, 1 ndiyo alama bora na 5 ni kushindwa. Cheti kilichojaa 1 kikitafsiriwa bila maelezo, msomaji aliyezoea asilimia atamdhania mwanafunzi hodari kuwa ameanguka masomo yote. Mfasiri asibadilishe tarakimu. Aiache kama ilivyo na aeleze mpangilio wake katika tanbihi.

Vivyo hivyo kwa mihuri ya cheti. Mfasiri haichori upya, bali huitaja kwa maneno: "mhuri wa duara", kisha maandishi yaliyomo. Akiandika známka mahali pa pečiatka, msomaji ataelewa kwamba cheti kimebandikwa stempu ya posta.

Basi, kabla ya kufungua kamusi, tujiulize maswali matatu: kitu hiki kinafanya kazi gani, kinawekwa wapi, na kinawekwa na nani? Tukiyajibu, kamusi itatusaidia. Tusipoyajibu, itatupotosha, iwe tunatafsiri kwa Kislovakia au kwa Kiswahili chetu.