Mikono ya Mhudumu Pasipo na Maji ya Bomba

Milima ya Uluguru ni chimbuko la Mto Ruvu, unaoinywesha Dar es Salaam. Hata hivyo, zahanati iliyoko miteremkoni yaweza kuamka haina maji. Hapo mhudumu hushawishika kuvaa glovu na kuendelea na kazi. Glovu haichukui nafasi ya kunawa: hutoboka pasipo kuonekana, na mikono huchafuka wakati wa kuivua.

Mikono isiyo na uchafu unaoonekana hupakwa kitakasa mikono chenye alkoholi na kusuguliwa kwa sekunde 20 hadi 30, mpaka ikauke yenyewe. Shirika la Afya Duniani limetoa kanuni ya kukitengeneza kwa ethanoli, haidrojeni peroksaidi, gliserini na maji yaliyochemshwa yakapoa. Mfamasia wa hospitali aweza kuifuata. Lakini palipo na damu, au baada ya kumhudumia mgonjwa wa kuhara, sabuni na maji tiririka ni lazima, kwa sekunde 40 hadi 60. Ndoo yenye koki au kibuyu chirizi hutosha. Beseni moja la kuchovya mikono ya wote halifai kabisa, ingawa lingali na wapenzi wake.

Nawe mgonjwa, unayo haki ya kumwuliza muuguzi, kabla hajakugusa kidonda, iwapo amenawa. Swali hilo si utovu wa adabu, na muuguzi aijuaye kazi yake hulijibu kwa kunawa mbele yako.