Uzamili Katika GIS: Masharti ya Kujua Kabla ya Kulipa Karo

Na Kitengo cha Mawasiliano, Serikali ya Kaunti

Wahitimu wengi wa jiografia, upimaji ardhi, mipango ya miji, mazingira na kompyuta hutamani kuendelea hadi shahada ya uzamili katika jiografia tumizi na sayansi ya taarifa za kijiografia, taaluma inayojulikana zaidi kwa kifupi chake, GIS. Masomo hayo huchukua angalau miaka miwili, na katika familia nyingi karo hutoka kwenye mshahara mdogo, chama au mauzo ya mifugo. Makala haya yanaeleza masharti ya kujiunga, kazi inayomsubiri mwanafunzi, na jambo ambalo ni rahisi kulisahau: yale ambayo shahada hii haimruhusu mtu kufanya.

Kwa nini jambo hili linaihusu kaunti

Kifungu cha 104 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinasema kwamba fedha za umma zisitengwe nje ya mfumo wa mipango ya kaunti. Kifungu cha 110 kinaitaka kila moja ya kaunti 47 iwe na mpango wa miaka kumi wa matumizi ya ardhi, uliojengwa juu ya hifadhidata ya GIS. Kwa lugha nyepesi, kabla ya pesa kupelekwa mahali, mahali hapo pajulikane vizuri: kisima kiko wapi, zahanati iko umbali gani kutoka vijiji vinavyoitegemea, na mto ukifurika maji hufika wapi.

Kazi hiyo inahitaji mtu aliyefunzwa. Chukua mfano mmoja. Ramani za zamani za Serikali za kipimo cha 1:50,000 zilichorwa kwa mfumo wa vipimo unaoitwa Arc 1960. Simu na vifaa vya GPS hutumia mfumo mwingine, WGS 84. Mtu akichukua vipimo vya GPS na kuvibandika kwenye ramani ya zamani bila kuvigeuza, kisima kitaonekana kimehama takriban mita 300. Kwenye karatasi hiyo ni nukta ndogo. Nyanjani, ni shamba la mtu mwingine, na mkandarasi anayefuata ramani hiyo atapeleka mashine pasipofaa.

Nani anaweza kujiunga

Katika Mfumo wa Kitaifa wa Sifa za Elimu, diploma iko kiwango cha 6, shahada ya kwanza kiwango cha 7, diploma ya uzamili kiwango cha 8, na shahada ya uzamili kiwango cha 9. Kwa hivyo sharti la kwanza ni shahada ya kwanza kutoka chuo kinachotambuliwa. Mwenye diploma pekee, hata akiwa na ujuzi mwingi wa kazi, ataombwa kukamilisha shahada ya kwanza kabla ya kufikiriwa.

Baada ya hapo hutazamwa daraja. Kwa kawaida mambo huwa hivi:

• Aliyepata daraja la pili la juu au zaidi huomba moja kwa moja.
• Aliyepata daraja la pili la chini huhitaji pia tajriba ya kazi inayohusiana na masomo hayo, mara nyingi miaka miwili.
• Aliyepata daraja la kufaulu tu aulize chuo chenyewe. Baadhi ya vyuo hukubali tajriba ya miaka mingi zaidi au diploma ya uzamili, na vingine havikubali.

Si lazima uwe ulisomea jiografia. Shahada za upimaji ardhi, uhandisi, mipango ya miji, mazingira, kilimo, misitu, jiolojia na sayansi ya kompyuta huwa miongoni mwa zinazokubaliwa. Tofauti huonekana darasani. Aliyetoka jiografia huenda akatatizwa na takwimu na uandishi wa programu za kompyuta, naye aliyetoka kompyuta hulazimika kujifunza udongo, mito na makazi ya watu. Ni vyema kuanza kuziba pengo hilo miezi kadhaa mapema. QGIS, programu ya kuchora na kuchambua ramani, hupatikana bila malipo. Picha za setilaiti za Landsat, ambazo zimekuwa zikipigwa tangu 1972, na zile za Sentinel-2 pia hutolewa bure kwenye intaneti.

Stakabadhi za kuandaa

Maombi mengi huhitaji nakala za cheti cha shahada na matokeo ya kila mwaka wa masomo, cheti cha KCSE, kitambulisho cha kitaifa, wasifu wa mwombaji, na barua za watu wawili au watatu wanaomfahamu kimasomo au kikazi. Anayetegemea tajriba ya kazi aombe mwajiri barua inayotaja tarehe alizofanya kazi na majukumu yake hasa. Barua inayosema tu kwamba alikuwa mfanyakazi mwenye bidii haithibitishi miaka miwili ya tajriba. Aliyesomea nje ya nchi ahakikishe mapema kwamba shahada yake imetambuliwa rasmi nchini.

Masomo na utafiti

Kwa kawaida mwaka wa kwanza ni wa masomo ya darasani na maabara: misingi ya GIS, uchunguzi wa ardhi kwa setilaiti, hifadhidata, takwimu za mahali na mbinu za utafiti. Mwaka wa pili ni wa tasnifu. Mwanafunzi huandika pendekezo la utafiti, hupangiwa wasimamizi, hukusanya data, kisha huitetea kazi yake mbele ya watahini.

Wengi hukwama kwenye tasnifu, na mara nyingi chanzo ni mada pana kupita kiasi. "Mabadiliko ya tabianchi nchini Kenya" haimaliziki kwa mwaka mmoja. "Maeneo yanayofikiwa na mafuriko katika wadi mbili, na njia za kufika zahanati wakati huo" inawezekana. Mada ya aina hii pia huwafaa wakazi, kwa sababu matokeo yake yanaweza kusomwa na ofisi za maji, afya na barabara.

Kabla ya kwenda nyanjani, mwanafunzi anahitaji kibali cha utafiti kutoka Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, NACOSTI. Akikusanya taarifa za watu na makazi yao, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamhusu. Akitumia droni, anafungwa na kanuni za Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Mkazi anayeombwa taarifa zake ana haki ya kuuliza kibali kiko wapi.

Shahada si leseni

Hapa wahitimu na wakazi wote wanapaswa kuwa makini. Shahada ya uzamili katika GIS haimfanyi mtu kuwa mpima ardhi mwenye leseni. Leseni hiyo hutolewa na Bodi ya Wapima Ardhi chini ya Sheria ya Upimaji, kwa masharti na mitihani yake. Vilevile, anayetaka kutambuliwa kama mpangaji wa miji lazima asajiliwe na bodi inayohusika.

Kwa hivyo mtu akija kwako na droni au GPS akidai kwamba atakuonyesha mpaka halali wa shamba lako kwa kuwa amesomea GIS, muulize leseni. Mzozo wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa hupelekwa kwanza kwa Msajili wa Ardhi, kama inavyoelekeza Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012. Ramani nzuri kwenye kompyuta haiondoi utaratibu huo. Nawe unayetaka kuwa mpima ardhi, ulizia kwanza njia ya kupata leseni, kisha uamue kama uzamili huu ndio unaokufaa.

Mahali pa kusoma na njia za kulipa

Chuo Kikuu cha Nairobi, Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kilichoko Juja, na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kilichoko Nyeri ni miongoni mwa vyuo vya umma vinavyofundisha taaluma hii. Anayehitaji ujuzi wa kazi tu, bila shahada, anaweza kufikiria kozi fupi za kituo cha RCMRD kilichoko Kasarani, Nairobi, ambacho kimehudumia nchi za kanda hii tangu 1975.

Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, hutoa mikopo kwa wanafunzi wa uzamili pia. Anayedaiwa mkopo wa shahada ya kwanza ajipange kuulipa kabla ya kuomba mwingine. Zaidi ya karo, weka kando pesa za kipakatalishi chenye nguvu, intaneti, nauli za nyanjani, kibali cha utafiti na uchapishaji wa tasnifu.

Maswali matano kabla ya kulipa

1. Je, kozi hii imo kwenye orodha ya kozi zilizoidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu?
2. Je, daraja langu na tajriba yangu vinatosha, na chuo kimenithibitishia kwa maandishi?
3. Je, kuna mhadhiri anayeweza kusimamia mada ninayoitaka?
4. Je, masomo ni ya mchana, jioni au wikendi, na mwajiri wangu amekubali?
5. Je, kazi ninayoilenga inahitaji shahada hii, leseni, au zote mbili?

Makala haya si tangazo la kazi. Nafasi zinazotokea katika kaunti hutangazwa wazi na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, na hakuna anayeruhusiwa kukutoza hata shilingi moja ili kuomba. Mwanafunzi anayetaka kufanya utafiti kuhusu kaunti yetu aanzie idara inayoshughulikia ardhi na mipango, akiwa na barua ya chuo na kibali chake.