Je, Wajua? Mtaa wa Beale hauko Harlem

Riwaya ya James Baldwin, *If Beale Street Could Talk*, iliyotoka mwaka 1974, imebeba jina la mtaa wa Memphis, Tennessee, ilhali mambo yake mengi yanatokea New York, hasa Harlem alikozaliwa mwandishi.

Ndiyo riwaya pekee ya Baldwin inayosimuliwa na mwanamke: Tish, binti wa miaka 19, mjamzito. Mchumba wake Fonny, mchonga sanamu, yuko mahabusu kwa kesi ya ubakaji aliyobambikiwa. Wakionana, huzungumza kwa simu, kioo kikiwa katikati yao. Mama yake Tish, Sharon, anafunga safari hadi Puerto Rico kumsaka mlalamikaji, naye si mwongo wa makusudi. Kabakwa kweli, ila kaelekezwa kwa mtu asiye mkosaji. Baba wa Tish na wa Fonny wanadokoa mali kazini na kuiuza ili wakili alipwe. Baldwin hawalaumu, na sioni kwa nini angewalaumu.

Barry Jenkins aliigeuza riwaya hiyo filamu mwaka 2018. Regina King, aliyeigiza kama Sharon, alitwaa Oscar ya mwigizaji msaidizi bora wa kike.