Tozo za Miamala: Sheria ya Fedha Humfikiaje Mkulima?

Mkulima apimapo mazao yake katika ghala la chama cha msingi hupewa stakabadhi inayoonyesha uzito, bei na jumla ya fedha anazostahili. Zamani karani alimhesabia noti mezani. Siku hizi malipo mengi hupitia benki au simu, na fedha anazozishika mkononi huweza kuwa pungufu ya zile zilizoandikwa. Hapo ndipo minong'ono huanza: karani ameiba, au bodi imekula. Lawama hizo huwa za haki pale ukaguzi unapozithibitisha. Lakini upungufu mwingine hautokani na chama hata kidogo. Hutokana na sheria iliyopitishwa Dodoma, ambayo wanachama hawakuelezwa. Habari ya tozo za miamala, tangu 2021 hadi 2023, ni somo linalofaa kwa kila chama.

SHERIA MOJA, MAMBO MENGI

Kila mwezi wa Juni Waziri wa Fedha husoma bajeti Bungeni. Baada ya mjadala, Bunge hupitisha miswada miwili. Wa kwanza huidhinisha matumizi, yaani huonyesha fedha zitakwenda wapi. Wa pili ni Muswada wa Fedha, ambao huonyesha fedha zitatoka wapi. Sheria ya Fedha ni moja kwa jina, lakini hurekebisha sheria nyingi kwa pamoja: za kodi ya mapato, za kodi ya ongezeko la thamani, za ushuru na nyinginezo. Kwa kawaida huanza kutumika tarehe 1 Julai. Kwa hiyo jambo linalomgusa mkulima laweza kuwamo katika kifungu ambacho hakitaji kilimo wala ushirika.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2021. Sheria ya Fedha ya mwaka huo ilirekebisha Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015, ikaweka tozo ya shilingi 10 hadi 10,000 kwa kila muamala wa kutuma au kutoa fedha kwa simu, kulingana na kiasi kilichohusika. Makato yalianza tarehe 15 Julai 2021. Katika bajeti hiyo hiyo tozo ya mafuta ya petroli na dizeli iliongezwa kwa shilingi 100 kwa lita, na fedha zake zikaelekezwa kwenye barabara, hasa za vijijini.

HOJA ZA PANDE MBILI

Serikali iliiita tozo hiyo ya mshikamano. Ilieleza kuwa nchi haina budi kujitegemea kwa mapato yake, na kwamba walipa kodi wa moja kwa moja ni wachache, hali wanaohitaji zahanati, madarasa na barabara ni wananchi wote. Hoja hiyo haikuwa nyepesi. Mkulima ambaye pamba yake hukwama njiani wakati wa masika ajua thamani ya barabara, na mama aendaye mbali kujifungua ajua thamani ya kituo cha afya.

Waliopinga walisema kuwa kodi ya haki hutozwa kwenye faida, lakini hii ilitozwa kwenye mwendo wa fedha. Tuseme mkulima amelipwa kwa simu. Akitoa fedha, hukatwa. Akimtumia mwanawe ada ya shule, hukatwa. Na mwana naye akizitoa, hukatwa tena. Fedha ni zile zile za msimu mmoja, nazo zimepita milango mitatu, kila mlango na bawabu wake. Tena ada za kampuni za simu zilikuwa tayari zimebeba kodi nyingine ndani yake. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilifungua shauri Mahakama Kuu. Watu wengi wakarudia kubeba fedha taslimu, na kampuni za simu zikaeleza kuwa miamala imepungua.

MABADILIKO YALIYOFUATA

Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza malalamiko yafanyiwe kazi, na Septemba 2021 tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Kuanzia Julai 2022 kiwango cha juu kilishushwa hadi shilingi 4,000, lakini tozo ikapanuliwa hadi kwenye miamala ya benki. Malalamiko yalipozidi, Serikali iliondoa baadhi ya makato kuanzia tarehe 1 Oktoba 2022, yakiwemo ya kuhamisha fedha baina ya benki na simu. Kuanzia Julai 2023 tozo ya kutuma fedha ilifutwa, ikabaki ya kutoa.

Wengi walishangilia, wala si vibaya. Lakini bajeti hiyo ya 2023 iliongeza shilingi 100 nyingine kwa lita ya mafuta, na ikaweka ushuru wa shilingi 20 kwa kilo ya saruji, yaani shilingi 1,000 kwa mfuko wa kilo 50. Tozo iliyotoka kwa mlango wa mbele ilirejea kwa mlango wa uani. Tofauti ni kwamba makato ya simu huonekana kwenye ujumbe, ilhali ya mafuta hujificha ndani ya nauli ya lori linalobeba mazao, na ya saruji hujificha ndani ya gharama ya ghala.

WAJIBU WA VYAMA

Yapo mambo matatu yaliyo ndani ya uwezo wa kila chama. Kwanza, karatasi ya malipo ionyeshe kila kato kwa jina lake: la chama, la halmashauri, la Serikali Kuu na la benki au kampuni ya simu, kila moja katika safu yake. Pili, kila Julai bodi isomewe mabadiliko ya Sheria ya Fedha, nayo iyafafanue kwa wanachama kabla ya msimu wa ununuzi. Tatu, kamati ya Bunge ya bajeti hupokea maoni ya wadau kuhusu Muswada wa Fedha. Chama kitakachopeleka hesabu ya makato ya wanachama wake kitasikilizwa kuliko kitakachopeleka manung'uniko.

Hesabu hiyo haitapatikana kwa chama kisichoandika. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.