Soko la muziki: malipo ya pili yalipotelea wapi?

WASOMAJI wa ukurasa huu wamezoea kupewa habari za maharage, vitunguu, mahindi na kahawa. Wiki hii tunaomba radhi kidogo, kwani tunaangalia bidhaa ambayo haipimwi kwa debe wala gunia, ingawa inauzwa na kununuliwa kila siku kuanzia Ngaramtoni hadi Usa River. Bidhaa yenyewe ni muziki uliorekodiwa.

Kila kijiwe mjini Arusha kina majaji wake wa muziki. Wazee watabishana mchana kutwa kuhusu nani alikuwa mkali zaidi, Simba Wanyika au Mlimani Park. Vijana wa Kijenge na Ngarenaro wana kesi yao kati ya X Plastaz, Nako 2 Nako na Weusi. Mama anayeuza ndizi Tengeru siku ya Jumatano ana kwaya yake ambayo haruhusu iguswe. Katika ubishi huo wote hutasikia mtu akiuliza swali moja ambalo kwa mwanafunzi wa biashara ndilo la kwanza: kanda ile ilipouzwa, fedha zilikwenda kwa nani?

Jibu linaeleweka upesi zaidi kwa kuanza na kahawa. Mkulima wa miteremko ya Mlima Meru anapopeleka kahawa yake chama cha msingi, karani anaipima kwenye mizani, anaandika kilo, na mkulima anapewa malipo ya awali. Kahawa ikishauzwa mnadani Moshi na gharama zikakatwa, hurudi malipo ya pili kulingana na kilo zilizoandikwa. Mkulima anaweza kulalamika kwamba malipo ya pili ni madogo, au yamechelewa mpaka msimu mwingine umeingia, lakini anajua kwamba yapo na ana stakabadhi mkononi. Muziki nao una malipo ya pili, na huitwa mirabaha. Tatizo la miaka mingi katika soko letu ni kwamba mizani haikuwepo, au ilikuwepo mikononi mwa mnunuzi.

Biashara yenyewe si ngeni hapa Afrika Mashariki. Siti binti Saad wa Zanzibar alisafirishwa hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, nazo zikauzwa pwani yote na bara. Kilichokosekana upande wetu ni viwanda. Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na studio, na ilirekodi bendi nyingi ajabu, lakini nia ilikuwa kupata nyimbo za kurusha hewani. Aliyetaka santuri yake ifyatuliwe na kuuzwa madukani alitazama Nairobi.

Arusha inalijua hilo kuliko miji mingi. Ndugu wa Kinyonga, Wilson Peter na George Peter, waliotokea Jamhuri Jazz ya Tanga, walifika hapa mwaka 1970 na kuunda Arusha Jazz. Mwaka uliofuata walikuwa Mombasa, na huko ndiko bendi ilipogeuka kuwa Simba Wanyika na baadaye kuhamia Nairobi. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wake walijitenga wakaanzisha Les Wanyika, ambayo wimbo wake Sina Makosa haujazeeka hadi leo katika kumbi za hapa. Kwa lugha ya biashara, Arusha ilitoa malighafi na Kenya ikatoa kiwanda, na sehemu kubwa ya thamani ikabaki kilipo kiwanda. Mpaka wa Namanga, ulio yapata kilomita 110 kutoka hapa, ulifungwa mwaka 1977 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika na haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Redio, hata hivyo, haionyeshi pasipoti.

Halafu ikaja kaseti, na hapa tutatua mizigo kwa muda, maana ndipo hesabu zilipoharibika. Santuri ilihitaji mtambo mkubwa, kwa hiyo mwenye mtambo alijua amefyatua ngapi. Kaseti ilihitaji redio ya deki mbili na kanda tupu. Kila duka lenye umeme liligeuka kiwanda. Mtu alichagua nyimbo zake kutoka kanda tano tofauti, rumba upande A na reggae upande B, akarekodiwa akisubiri. Kwa mlaji ilikuwa neema tupu: bei ndogo, uteuzi mpana, na kanda ikikwama ilirekebishwa kwa kalamu ya Bic. Kwa mwanamuziki ilikuwa sawa na mkulima anayesikia kwamba kila nyumba kijijini ina ghala la kahawa yake na hakuna hata moja lenye mizani.

Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua milango kwa redio binafsi, nyimbo mpya zilipata pa kusikika. Saleh Jabir alikuwa ameshatoa kanda ya rap ya Kiswahili mwaka 1991, na miaka kumi baadaye, mwaka 2001, albamu ya Professor Jay ya Machozi, Jasho na Damu ilithibitisha kwamba rap ya Kiswahili ni bidhaa ya kuuza nchi nzima. Wasambazaji wa Dar es Salaam ndio walioshika soko. Mwanamuziki alikwenda kwao na kanda ya masta na kukuta njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuuza moja kwa moja, yaani kupokea donge nono mara moja na kuondoka, kazi ikabaki ya msambazaji. Ya pili ilikuwa kulipwa kiasi fulani kwa kila nakala inayouzwa.

Mtu aliyesoma hesabu atasema njia ya pili ni bora kwa msanii mwenye wimbo unaotamba. Kwenye karatasi ni kweli. Lakini nakala zilirudufiwa na msambazaji, zikahifadhiwa kwake, zikauzwa naye, na ripoti ya mauzo akaandika yeye mwenyewe. Msanii wa Arusha, mwendo wa siku nzima kwa basi kutoka Kariakoo, angehakiki vipi? Kwa hiyo wengi walichukua donge. Safu hii haiwacheki hata kidogo. Pale ambapo huwezi kukagua mizani, fedha taslimu za leo zina akili kuliko ahadi ya asilimia. Hasara yake ni kwamba wimbo ukiuza nakala elfu moja au laki moja, mtunzi amekwishalipwa sawasawa.

Kulikuwa na kundi moja lililoikwepa kadhia hii, nalo husahaulika katika mazungumzo ya vijiweni. Hao ni kwaya za makanisa. Kwaya ya usharika ilirekodi kwa michango yake, ikarudufu nakala zake na kuziuza yenyewe baada ya ibada au kwenye mikutano ya injili. Mhasibu wa kwaya alijua zimetoka ngapi na zimerudi ngapi. Zaidi ya hapo kulikuwa na uzinduzi, ambapo mgeni rasmi hununua kanda ya kwanza kwa bei ya ng'ombe huku waumini wakishangilia. Wataalamu wa masoko wana majina marefu ya mbinu ya kumtoza kila mnunuzi kulingana na uwezo wake. Wanakwaya hawakuhitaji jina.

Serikali haikukaa kimya. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa mwaka 1999, na COSOTA ikaanzishwa mwaka 2001 kusimamia haki hizo. Mwaka 2013 Mamlaka ya Mapato ilianza kudai stempu za kodi kwenye kazi za muziki na filamu, jambo ambalo lingempa msanii njia ya kuhesabu: stempu ngapi zimenunuliwa, nakala ngapi zimetoka. Lakini mizani ilifika sokoni wakati gunia linaondoka. Wanunuzi walikuwa wameshahamia kwenye flashi na kadi za memori, ambapo kijana mwenye kompyuta alikujazia mamia ya nyimbo kwa nauli ya daladala, na hakukuwa na kasha la kubandika stempu. Mwandishi wa makala hii ni mmoja wa waliojaziwa, na hana sababu ya kujitoa katika orodha ya watuhumiwa.

Flashi ilibadili pia usikilizaji wenyewe, na hapa naomba nitoe maoni yangu. Kanda ilikulazimisha kusikiliza kwa mpangilio wa msanii. Taarabu ilipewa nafasi ya kurefuka, nyimbo chache zikijaza kanda nzima, na hakuna aliyedai kapunjwa. Albamu ya X Plastaz iitwayo Maasai Hip Hop, iliyotolewa mwaka 2004 na kampuni ya Out Here Records ya Munich, Ujerumani, ukiikata vipande inakuwa nyimbo za rap zenye sauti za Kimasai. Ukiisikiliza yote kwa pamoja unaelewa kwamba sauti ya Yamat Ole Meipuko si pambo, na kwamba kundi hili lililoanza Arusha mwaka 1996 lilikuwa likijadiliana na mji wake kuhusu nani ni mwenyeji. Ubishi wa vijiweni ulikuwa mtamu kwa sababu wote walikuwa wamesikia kitu kimoja, mwanzo hadi mwisho. Siku hizi mmoja amesikia wimbo wa tatu, mwingine wa saba, na kesi haiwezi kusikilizwa.

Sasa tuje kwenye simu. Kusikiliza muziki kwa njia ya intaneti kumeleta kile ambacho hakikuwahi kuwepo, kwani kila wimbo unapochezwa unahesabiwa. Je, malipo ya pili yamerudi? Yamerudi, ila bei ya kilo ndiyo kitendawili.

Majukwaa mengi hayalipi bei maalumu kwa kila wimbo. Hukusanya mapato yote ya mwezi katika kapu moja, hukata fungu lao, kisha hugawa kinachobaki kulingana na idadi ya usikilizaji. Tuchukue namba za mfano tu. Jukwaa limekusanya Sh milioni 10, likabaki na asilimia 30, na nyimbo zote zimechezwa mara milioni 2. Zilizobaki ni Sh milioni 7, ambazo ni Sh 3.50 kwa kila mara. Msanii aliyesikilizwa mara 10,000 anastahili Sh 35,000, na bado hajagawana na anayemsambazia na aliyemtengenezea wimbo. Kapu likiwa dogo, hata mizani safi haiongezi kitu. Kwa nyimbo zinazosikilizwa bure kwa matangazo, bei hutegemea pia msikilizaji yuko wapi, na mtangazaji hulipa zaidi kumfikia mtu wa London kuliko wa Sakina.

Ukubwa wa kapu unaonekana katika takwimu za shirikisho la kimataifa la kampuni za muziki, IFPI. Mwaka 2024 mapato ya muziki uliorekodiwa duniani yalikuwa dola bilioni 29.6. Afrika kusini mwa Sahara, kwa mara ya kwanza, ilivuka dola milioni 100 na kufikia milioni 110. Hizo ni chini ya senti 40 katika kila dola 100. Afrika Kusini peke yake ilichukua karibu robo tatu ya fungu hilo. Tanzania, Kenya, Nigeria, Ghana na nchi nyingine zote za eneo hili ziligawana kiasi kisichofika dola milioni 30.

Nyumbani nako kumekuwa na mwendo. Januari 2022 COSOTA iligawa mirabaha ya Sh milioni 312 kwa wasanii 1,123 kutokana na nyimbo 5,924. Ukigawa sawasawa ni kama Sh 278,000 kwa kila mmoja. Kuna waliocheka kiasi hicho. Lakini ni malipo ya pili, yametoka kwa watu waliotumia nyimbo hizo, na yamefika kwa watu ambao walishauza donge lao na kusahau. Mwaka 2023 Sheria ya Fedha iliongeza tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwa vifaa vya kunakili na kuhifadhi kazi za sanaa. Maana yake ni kwamba hata aliyejaza nyimbo za bure kwenye kifaa chake amemlipa mwanamuziki kidogo alipokinunua, bila kujua.

Kwa wasomaji wenye mtoto au mpwa anayeimba, na Arusha nadhani ni nusu yetu, kuna jambo moja la kukagua kabla hajaweka saini. Je, mkataba unasema anauza kazi, au anakodisha haki kwa muda? Sheria ya 1999 inalinda kazi katika uhai wote wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Faza Nelly wa X Plastaz alifariki mwaka 2006, hivyo mistari aliyoitunga inalindwa hadi mwaka 2056. Popote ambapo haki hiyo haikuuzwa, malipo ya pili ni ya warithi kwa muda wote huo.

Bei za maharage na vitunguu zitarejea katika toleo lijalo.